Mtungi Baridi wa Mama Ngigi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jua bado linajivuta nyuma ya Menengai na baridi ya Rongai inauma vidole. Mbele ya kituo cha kupokea maziwa cha Ushirika wa Chemasis, wakulima wapatao hamsini wamepanga foleni, wengine na punda, wengine na pikipiki, kila mmoja na mtungi wake.

Mwanamke mwenye sweta ya kijivu anapita kando ya foleni. Hana salamu nyingi. Anagusa kila mtungi kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha anasonga mbele. Wa kwanza una moto. Wa pili una moto. Wa saba ni vuguvugu. Anafika mwisho wa foleni, anapangusa mkono kwenye sweta na kupiga mwayo mrefu ambao hata hajisumbui kuuficha.

"Madam, hujapata tu?" anamtania mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Bado, mzee," anajibu. "Kesho pia ni siku."

Anatafuta mtungi mmoja baridi. Kituoni kila mtu anajua ni wa nani, na kwa nini haujaja ukiwa baridi kwa zaidi ya miezi miwili. Kosa lilikuwa la huyu mwenye sweta, na alilisema mwenyewe mbele ya watu mia tatu.

Jina lake ni Cheptanui, mwenye umri wa miaka arobaini na sita. Wakulima humwita Mama Kompyuta, jina ambalo lilianza kama sifa na siku hizi hutegemea aliyelitamka ana hasira kiasi gani. Kazi yake ni kuandika kanuni ambazo kompyuta ya ushirika huzitumia kuamua maziwa ya nani yaingie kwenye tangi na ya nani yarudi nyumbani. Wanachama ni 640. Kanuni ni 214. Mwandishi wa kanuni ni mmoja.

"Ng'ombe ikipunguza maziwa, ni kompyuta," anasema akiketi. "Gari ya maziwa ikichelewa, ni kompyuta. Juzi mtu alikuja kwa dirisha kuniuliza kwa nini kompyuta haijaleta mvua. Nilikosa hata nguvu ya kucheka."

Ofisi yake ilikuwa stoo ya chakula cha mifugo, na pumba bado zinanukia. Kiti ni cha mezani, cha mbao, chenye mto alioushona kwa gunia. Mguu mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Mgongo unamuuma tangu mwaka juzi, na likizo ya mwisho aliipata miaka mitatu iliyopita, alipokwenda kumzika mama yake.

Mshahara ni shilingi 34,500 kwa mwezi, na zikishakatwa anabaki na kama 27,000. Mumewe, Micah, huchomelea mabomba huko Olkaria na hufika nyumbani mara mbili kwa mwezi. Wakikutana, anasema Cheptanui, huwa wanalala tu. "Tunaamka jioni, tunaulizana habari ya watoto, tunalala tena."

Hakuanzia kwenye kompyuta. Alisomea ukaguzi wa maziwa Naivasha, akarudi nyumbani na kusimama kwenye mlango huo huo wa kituo kwa miaka kumi na mmoja, kipimajoto mkono mmoja, laktomita mkono wa pili. Laktomita ni kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa. Maziwa mazito hukiinua, yaliyotiwa maji hukizamisha, na mpimaji husoma namba iliyo kwenye shingo yake. Hapa Chemasis, namba ikishuka chini ya ishirini na sita, mwenye mtungi huanza kuangaliwa vibaya.

Miaka sita iliyopita ushirika ukanunua mfumo wa kompyuta, na kwa kuwa Cheptanui ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, akateuliwa kuusimamia. Sababu nyingine hajawahi kuambiwa.

"Yule kijana wa Nairobi alitufundisha siku sita," anakumbuka. "Siku ya saba akapumzika. Hajarudi mpaka leo."

Alimwachia kitabu cha kurasa mia tatu. Alikisoma kwenye mapumziko ya chai, ukurasa kwa ukurasa, kwa kalamu nyekundu. Leo kitabu hakina jalada na kurasa za mwanzo zimeshikwa na mpira wa kufungia sukuma wiki.

Lugha aliyojifunza si kama lugha nyingi za kompyuta. Nyingine huiambia mashine ifanye hiki, kisha kile, hatua kwa hatua. Hii haina hatua. Ina kanuni tu: ikiwa hali ni hivi, basi fanya vile. Zote 214 hukaa pamoja, na mashine yenyewe hutafuta ipi inayafaa maziwa yaliyo mbele yake.

"Ni kama sheria za boma," anasema. "Hakuna mtu anazisoma kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Lakini ukikanyaga moja, inakujua."

Februari ya mwaka huu joto lilikuwa kali. Wakulima wa karibu walikuwa wakileta maziwa yakiwa bado na moto wa kiwele, na maziwa ya moto huwa mepesi, hivyo laktomita husoma chini kuliko inavyostahili. Mashine ikaanza kuwakataa watu wasio na hatia. Cheptanui aliona hilo si haki, na hakuna aliyemtuma alirekebishe.

Ndani ya mfumo kulikuwa na fanksheni ya kusahihisha usomaji. Fanksheni, anaeleza kwa uvumilivu wa mtu aliyeeleza mara nyingi, ni kama kinu cha posho: unatia mahindi juu, unga unatoka chini. Vile vinavyotiwa juu huitwa agumenti. Kinu hiki kilitaka vitu viwili, kwanza usomaji wa laktomita, pili joto la maziwa. Kwa kila nyuzi moja ya joto iliyozidi ishirini, kiliongeza sehemu mbili za kumi kwenye usomaji. Laktomita ikisoma 27 na maziwa yakiwa na nyuzi 30, jibu linakuwa 29. Maziwa safi, mwenyewe aende nyumbani na amani.

Mwanzoni mwa Machi akaandika kanuni ya 203. Ikiwa usomaji uliosahihishwa uko chini ya 26, basi kataa maziwa na uweke alama nyekundu. Akaijaribu asubuhi hiyo kwa mitungi kumi ya kwanza kwenye foleni. Yote ikapita. Akaenda kunywa chai.

"Niliiandika ili nisionee mtu," anasema, na hapo sauti inapungua. "Hiyo ndiyo inaniuma. Ningekuwa nimefanya kwa ubaya, ningejua hata namna ya kujikasirikia."

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kusimama mlangoni na kumsikiliza Kiptum, mpimaji wa sasa. Anatumbukiza kipimajoto, kisha laktomita, na kuita namba mbili kwa sauti ili mwenye mtungi asikie. "Thelathini na moja! Ishirini na saba!" Joto kwanza, laktomita pili. Ndivyo wapimaji wa Chemasis walivyoita tangu enzi za karatasi, na ndivyo Cheptanui alivyoita kwa miaka kumi na mmoja.

Basi alipoketi kuandika kanuni ya 203, mkono wake ulifuata mazoea. Akatia joto kwanza, laktomita pili. Kinu, ambacho hakisomi majina bali huangalia tu nani ametangulia, kikalichukua joto kikidhani ni laktomita, na laktomita kikidhani ni joto. Zote mbili zilikuwa namba, na kwa kompyuta namba ni namba. Haikulalamika hata kidogo.

Kwa maziwa ya moto kosa halikuonekana. Nyuzi 30 zikikaa mahali pa laktomita, jibu hutoka zaidi ya 31, na maziwa yanapita. Ile mitungi kumi ya majaribio ilikuwa ya moto yote. Hata aliyetia maji waziwazi, laktomita yake ikisoma 22 lakini maziwa yakiwa na nyuzi 32, alipita kwa jibu la 32 na ushei. Mtu mmoja tu wa Chemasis ndiye angeweza kunaswa, yule anayepoza maziwa yake kabla ya kuyaleta.

Mtu huyo ni Mugure, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, ambaye kila mtu humwita Mama Ngigi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Anakaa kilomita saba juu ya mteremko. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akikamua saa kumi alfajiri, kuuzamisha mtungi kwenye hori la maji la saruji alilolijenga marehemu mumewe, na kuuacha hapo saa nzima, akikoroga, mpaka maziwa yapoe. Kisha humtwika punda na kushuka. Hufika wa mwisho, na maziwa yake hayajawahi kuganda njiani.

Asubuhi moja ya Machi maziwa ya Mugure yalikuwa na nyuzi 20 na laktomita ilisoma 29. Hakukuwa na maziwa bora kuliko hayo kwenye foleni nzima. Kompyuta ilitoa 21.8 na alama nyekundu.

"Nilidhani ni mchezo," anasema Kiptum. "Lakini sisi tuliambiwa tusibishane na sistem. Unaita namba, unaingiza, inasema ndiyo ama la. Mimi nilimrudishia mathe maziwa yake. Sikumwangalia kwa macho."

Alama ya pili ikaja baada ya siku sita. Mugure alikwenda dirishani kwa Mama Kompyuta, leso mkononi.

"Maziwa yangu haina maji, msichana wangu."

"Kompyuta haina chuki na mtu, Mama Ngigi," Cheptanui alimjibu. "Pengine ni hori. Pengine maji inaingia kwa mtungi."

Anayarudia maneno hayo leo kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. "Nilimwambia hivyo. Mimi mwenyewe. Hata sikuinuka kwa kiti."

Alama ya tatu ikakamilisha kazi. Sheria ya ushirika ni kwamba alama tatu ndani ya mwezi mmoja humsimamisha mwanachama siku tisini, na jina lake hubandikwa ubaoni karibu na mizani. Ili mambo yazidi kuharibika, kiwanda kinachonunua maziwa kilikuwa kimelalamika mara mbili kuwa mzigo kutoka Chemasis ni mwepesi. Watu walisoma ubao, wakasikia habari za kiwanda, wakajumlisha. Lisemwalo lipo, wakasema, na waliotia maji kweli ndio walioongoza kulisema.

Mugure akapewa jina jipya: Mama Maji.

Kanisani kwao ni yeye aliyekuwa akileta maziwa ya chai baada ya ibada, kila Jumapili, kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Jumapili iliyofuata alifika na birika lake akakuta akina mama wengine wamekwisha kuleta maziwa yao. Hakuna aliyemwambia neno. Walimkaribisha chai.

"Nilikunywa hiyo chai," anasema Mugure. "Sitasahau hiyo chai."

Siku ya tisa ya adhabu alishuka tena kituoni, foleni ikiwa imekwisha. Hakuja kuuza. Alikuwa na kidumu cha lita tano tu, akakiweka mezani kwa Cheptanui.

"Wewe ulikuwa unapima na mkono," alimwambia. "Pima."

"Mama Ngigi, mimi siku hizi..."

"Pima, msichana wangu. Kwangu maji nabeba na punda kutoka mtoni. Hiyo maji ningeitoa wapi ya kutupa kwa maziwa? Pima mbele yangu, halafu uniambie mimi ni mwizi, niende nikalale."

Cheptanui aliinuka. Akatoa kwenye kabati laktomita yake ya zamani, ambayo hajaishika miaka sita. Kipimajoto kikasoma ishirini. Laktomita ikasoma ishirini na tisa. Akaipangusa, akairudisha. Ishirini na tisa.

Akaziingiza namba hizo kwenye kompyuta mwenyewe. Ikajibu 21.8.

"Nilijua hapo hapo," anasema. "Hata sikuhitaji kufungua kanuni. Nilisikia sauti yangu ikiita joto kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, na hicho changu kilikuwa mkononi."

Marekebisho yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai: maneno mawili kubadilishana nafasi. Lakini Mugure alikuwa bado amesimama mlangoni, na ubaoni nje jina lake lilikuwa bado limebandikwa. Cheptanui alikiri kwamba aliyekosea ni yeye. Mugure akachukua kidumu chake.

"Mimi umeniambia kwa ofisi," alisema. "Jina langu ilibandikwa nje."

Zilibaki siku nne kabla ya mkutano mkuu wa wanachama. Meneja wa ushirika, Kabiru, ni mtu wa amani, na watu wa amani hupenda mambo yapite kimya kimya. Alipendekeza jina liondolewe ubaoni na wanachama waambiwe mtandao ulikuwa na hitilafu. Hakuna ambaye angeuliza. Mtandao Rongai hukosea kila wiki.

"Nilikuwa namlinda," Kabiru anasema leo, bila kona. "Wanachama wakisikia ni mtu, wanataka huyo mtu aende. Na akienda, mimi nibaki na nani anaelewa hizo vitu? Nilimwambia, Madam, fikiria watoto."

Cheptanui aliwafikiria watoto, na karo, na Micah na mabomba yake. Anakiri kwamba kwa siku mbili alikubaliana na meneja. Alichoka, anasema, na mtu aliyechoka huona uongo mdogo kama mahali pa kukaa.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Kabiru alipofika kwenye maneno "hitilafu ya mtandao", Cheptanui aliona Mugure kiti cha nyuma kabisa, mikono mapajani, akitazama sakafu. Akainua mkono.

"Mtandao haikuwa na shida," alisema. "Kompyuta pia haikukosea. Ilifanya vile niliiambia. Mimi ndiye niliandika vibaya, ikakataa maziwa baridi. Maziwa ya Mama Ngigi ilikuwa safi siku zote tatu, na mimi nikamwita mwizi."

Mzee mmoja akasimama na kuuliza swali ambalo lingeulizwa tu na mfugaji: ikiwa kanuni iliwakataa wenye maziwa baridi, je, iliwapitisha akina nani?

"Iliwapitisha waliotia maji," Cheptanui akajibu, "mradi wameleta yakiwa moto."

Kuna waliocheka sana. Wengine, anasema Kiptum, walianza kukagua viatu vyao.

Mugure hakucheka. Aliinuka, akajifunga leso na kutoka nje. Jina jema hung'aa gizani, wahenga walisema, lakini hawakusema hung'aa baada ya muda gani.

Kamati ilimpa Cheptanui barua ya onyo na kumwacha kazini. Haoni sababu ya kushukuru. "Hawakuniacha kwa upendo. Nani mwingine atasoma hizi vitu?"

Tangu hapo ameifanyia kazi ile kanuni kuliko nyingine zote. Zamani joto na usomaji vilikuwa namba tupu. Sasa kila kimoja amekipa aina yake ya data: joto ni joto, laktomita ni laktomita, na kinu kimeambiwa kipokee kila kimoja mahali pake tu. "Nikizibadilisha hata nikiwa na usingizi, inakataa kabla haijagusa maziwa ya mtu," anasema. Imemchukua wiki tano, kwa sababu ilibidi apitie kanuni zote zilizotumia namba hizo, 88 kwa jumla, moja moja.

Ameongeza pia jaribio. Kila kanuni mpya kabla haijaanza kazi hupewa maziwa ya kubuni yenye nyuzi 20 na laktomita 29. Ikiyakataa, haipiti. Jaribio hilo amelipa jina la Mama Ngigi. Na siku hizi hakuna alama nyekundu inayowekwa kabla Kiptum hajapima tena kwa mkono, mwenye mtungi akitazama.

Yote hayo ni mazuri. Hayajamrudishia Mugure alichopoteza.

Nyumbani kwake, juu ya mteremko, hori la saruji lilikuwa kavu siku tulipomtembelea. Majani ya mgrevilea yalikuwa yamejaa ndani na kuku mmoja alikuwa amelala humo. Adhabu iliondolewa siku ya mkutano na Mugure amerudi kuuza, lakini huleta maziwa kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Mara mbili yamekaribia kuganda njiani.

"Bwana yangu alijenga hii hori na mikono yake," alisema akiigonga kwa fimbo. "Alisema maziwa ni kama mtoto mchanga, usiiachilie kwa jua. Nikafuata. Halafu ikaniletea aibu. Sasa napeleka moto kama watu wengine. Nani atanishika?"

Je, amemsamehe Cheptanui?

"Alisema ukweli, na watu walikuwa wengi. Si mchezo. Lakini nilipoitwa Mama Maji, nilikuwa peke yangu."

Cheptanui alipoelezwa habari za hori kavu, alivua miwani na kuipangusa bila haja. Hakuna lugha ya kompyuta inayofika kule juu, alisema. Aliyekuwa mfugaji bora wa ushirika amefundishwa na mashine kuwa wa kawaida, na aliyeifundisha mashine ni yeye. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, hupita kwenye foleni akigusa mitungi. Siku nyingine Mugure hupita mbele yake na kumsalimia kwa heshima, kama mtu anavyomsalimia karani, na mtungi ni wa moto.

Ana mipango. Kiptum ameanza kujifunza kusoma kanuni, jioni mbili kwa wiki, ili pawe na jicho la pili. Tayari amemshika kosa moja dogo, na Cheptanui anasema hajawahi kufurahia kukosolewa namna hiyo. Na kwenye droo ya meza kuna fomu ya likizo ya siku ishirini na moja. Anataka kwenda Olkaria kwa Micah, alale mpaka achoke kulala. Fomu imejazwa kila kitu isipokuwa tarehe.

"Naingoja ule mtungi," anasema. "Siku utakuja baridi, nitaandika tarehe. Usiponijia, basi nitazeeka kwa hiki kiti."

Asubuhi ya mwisho ya ziara yetu foleni imekwisha na Cheptanui yuko ofisini, simu begani, akimweleza mkulima kwamba kompyuta haijui ng'ombe wake atazaa lini. Punda mmoja anaingia uani polepole. Mugure anaushusha mtungi, anauweka mbele ya Kiptum na kusogea kando.

Kiptum anatumbukiza kipimajoto. Anakitazama, anakitoa, anakipangusa, anakirudisha. Kisha laktomita. Anageuza uso kuelekea ofisini na kuita kwa sauti ambayo haijawahi kusikika kituoni kwa ajili ya maziwa ya mtu yeyote.

"Ishirini na moja! Ishirini na tisa!"

"Wewe, nani amekutuma upige kelele hivyo?" anauliza Mugure. "Mimi si kiziwi."

Cheptanui ametokea mlangoni, simu bado mkononi, mkulima bado anazungumza ndani yake. Anavuka ua. Anaweka kiganja kwenye mtungi, kisha anaweka na cha pili, na hapo anabaki ameinama, miwani ikimteleza puani. Hakuna anayemtania.

Mugure anamtazama kwa muda. Anapangusa kipande cha jani la mgrevilea kilichonasa kwenye mshikio wa mtungi.

"Toa mikono, msichana wangu," anasema. "Utanipashia maziwa."

Cheptanui anaondoa mikono. Anaipangusa kwenye sweta, anarudi ofisini na kuvuta droo.